Pale Mshono Unapopinda

6 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifurushi kimefika salama. Kamba zako nimezikata kwa kisu cha mkate, maana hakuna binadamu anayeweza kufungua mafundo yako. Nilipokitandaza kitambaa sakafuni nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Dada, umefanya nini? Miaka tisa unaniunganishia vitambaa nipate upana wa kuchorea, na miaka tisa mshono unanyooka kana kwamba umepigwa rula. Safari hii umeanza vizuri pale juu, ukafika katikati ukakata kona kushoto, ukarudi, ukapotea kidogo, kisha ukashuka hadi chini kama mtu aliyekumbuka kitu njiani.

Unajua ninavyofanya kazi. Sipangi, wala sichori kwanza kwa penseli. Napigilia kitambaa ukutani, nakaa kwenye ndoo niliyoigeuza, natazama. Wakati mwingine natazama wiki nzima, mikono mapajani, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Halafu sehemu moja inaniita, naipaka rangi kwa tambara, na rangi hiyo ndiyo inayoniambia ifuatayo ni ipi. Nikijua mapema picha itakuwaje, hamu inaniisha hapo hapo. Basi safari hii sikukaa kwenye ndoo hata dakika kumi. Mkono uliinuka wenyewe ukaenda pale mshono ulipopinda.

Sasa shika kiti. Ule ukumbi mkubwa wa maonyesho umenipa mwezi wa Agosti, peke yangu, kuta zote nne. Wanataka picha saba. Nina miaka hamsini na moja, kazi zangu zimeshatundikwa kwenye korido za hoteli na kwenye benki nyuma ya mashine ya maji ya kunywa, na leo ndiyo naitwa. Naogopa. Nikuambie ukweli niliokuficha: tangu Oktoba sikuwa nimemaliza picha hata moja. Nilikuwa nakuandikia kwamba kazi inaendelea, na kumbe nilikuwa nakalia ndoo tu. Kitambaa chako ndicho kilichonitoa. Kwa hiyo nakuomba kwa magoti, usininyooshee tena mishono.

Kile kitambaa cha kwanza kabisa ulichonishonea bado ni cha mezani. Kilinyooka mno, nikaogopa kukiharibu, nikakitandika mezani. Nakulia hapo, na tangu hapo nafutia brashi hapo hapo. Usinigombeze.

Halafu mbona mwandiko wako umenenepa? Maneno manne kwa mstari! Huko karatasi zinagawiwa bure?

Mdogo wako,
Mchafuzi


19 Februari

Mchafuzi wangu,

Marahaba. Kamba nafunga hivyo kwa sababu watu wa posta ni wadadisi.

Hongera, hongera, na tena hongera. Nimemwambia kila anayeingia dukani. Nimemwambia hata yule mama wa sketi, aliyekuja kunirudishia kazi akisema pindo limepanda upande mmoja. Nikamjibu si pindo lililopanda, ni nyonga. Ameondoka amenuna. Atarudi, hana fundi mwingine.

Kuhusu mshono, bila shaka nilifanya makusudi. Nilijisemea, huyu mdogo wangu amezoea kunyooshewa kila kitu tangu utotoni, ngoja nimpindishie nione atafanya nini. Au ulidhani ni wewe tu mwenye ufundi wa kushangaza watu? Nitakushonea vingine vya namna hiyo, usiwe na wasiwasi. Ila kula. Mtu anayefutia brashi kwenye meza anayolia chakula hahitaji dada, anahitaji daktari. Jina la Mchafuzi nilikupa ukiwa na miaka mitano, ulipopaka mkaa shuka za mama, na hujawahi kuniangusha.

Mwandiko ni kosa la kalamu. Kalamu za siku hizi ni nyembamba kama unywele, nimechukua ile nene ya kuandikia maboksi. Barua zako ananisomea binti yangu Mwalimu. Siyo kwamba siwezi mwenyewe, ila anakuigiza vizuri mpaka kicheko.

Ile fotografia ya kazi yako mpya uliyoiweka kwenye bahasha nimeibandika ukutani juu ya cherehani. Nzuri sana.

Dada yako,
Fundi


15 Machi

Dada,

Shikamoo. Tatu zimekwisha! Sijawahi kufanya kazi kwa kasi hii tangu niwe na meno yangu yote. Vitambaa viwili ulivyoleta mwezi huu vimenifanya nisahau hata kuchana nywele. Kile chembamba, mshono umepishana na pindo ukaacha mkunjo, mimi nikaupaka kijani ule mkunjo kwa kidole, basi, picha nzima ikatokea hapo. Unajuaje mahali pa kupindisha? Nakaa nakuwaza ukiwa kwenye cherehani, unakatisha kushoto makusudi huku unacheka, na mimi nacheka huku.

Msimamizi wa ukumbi alikuja kutazama. Nimempa jina la Bwana Maelezo, kwa sababu kila baada ya dakika tano anasema tunahitaji maelezo. Anataka niandike ukurasa mzima, picha zinahusu nini, nilikusudia nini. Nikamwambia sikukusudia. Akacheka akidhani natania. Nikamwambia kweli, bwana, mimi nafuata tu, atakayekuambia zinahusu nini ni picha zenyewe. Akaandika kwenye daftari lake, "msanii anafuata." Sijui kama alinisifu au alinihurumia.

Sasa ombi kubwa. Ukuta unaotazamana na mlango unataka picha kubwa kuliko zote, ndiyo atakayoiona mtu kwanza akiingia. Niunganishie vipande vitatu, mishono miwili, na hapo jiachie kabisa. Pinda unavyotaka! Nimeshanunua makopo mawili ya bluu. Naona kabisa itakuwa ya bluu. Sitaki fremu, nitaitundika ining'inie kama pazia.

Nakupenda, na siyo kwa sababu ya vitambaa.

Mchafuzi


2 Aprili

Mchafuzi wangu,

Marahaba. Kitambaa hicho hapo, mishono miwili, nimejiachia kama ulivyoagiza. Uzi uliniishia mara tatu nikiwa katikati, usiulize nilivyomaliza.

Mwambie huyo Bwana Maelezo kwamba hata mimi mteja akiniletea kitambaa sijui kitakuwa gauni la namna gani mpaka nikishike. Nakigeuza, nakivuta, nakiweka begani. Nikishaweka begani najua. Hakuna aliyewahi kuniomba ukurasa mzima.

Kulikuwa na shughuli yangu ndogo mwezi huu, mambo ya kliniki tu, nimeisogeza hadi Septemba baada ya maonyesho yako. Siyo kitu. Kwanza tumalize hili lako.

Bluu ni rangi nzuri. Mama alikuwa na kitenge cha bluu, unakumbuka? Sikiliza, ukisimama mbele ya ukuta usiogope. Huko nyuma yako nipo.

Fundi


28 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimeimaliza ile kubwa. Safari hii sikuambii chochote. Fotografia yake hiyo hapo kwenye bahasha, kaa chini uitazame mwenyewe kwa utulivu, kisha uniandikie ulichoona. Maoni ya Bwana Maelezo hayanishughulishi, nasubiri ya kwako.

Mchafuzi


9 Mei

Mchafuzi wangu,

Marahaba. Picha nimeitazama asubuhi na nimeitazama jioni. Ile bluu! Nilipoitazama nilihisi baridi mpaka nikatafuta sweta. Nimemkumbuka mama na kitenge chake. Umeiacha bluu itawale picha nzima, hukuiingilia, na hapo ndipo nimeona kwamba mdogo wangu amekomaa. Hujawahi kufanya kitu kizuri kama hiki.

Mwalimu hayupo, yuko kwenye semina, kwa hiyo barua yako amenisomea jirani, anasoma kama anatoa hesabu ya mahindi. Nimechoka na sauti yake.

Fundi


17 Mei

Dada,

Shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nne. Nitaisema kama ilivyo.

Hakuna bluu kwenye ile picha. Nilianza na bluu, kweli, makopo yote mawili. Siku ya tatu mkono ulikataa. Nikapaka wekundu juu yake, wekundu wa tofali, nikapaka tena na tena mpaka bluu yote ikafunikwa. Nililia nikiifunika, kwa sababu nilikuwa naipenda, lakini picha ilikuwa inanivuta huko na mimi nikaenda. Ilikuwa siku ngumu kuliko zote tangu nianze kazi hii. Nilitaka wewe uone hilo. Wewe tu.

Na wewe hukuitazama. Umechukua maneno yangu ya Machi ukanirudishia, ukanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wengine wote wakinifanyia hivyo nacheka. Kama ulikuwa na kazi nyingi ungesema, ningesubiri. Hata barua yenyewe umeiandika kwa haraka, mistari miwili imepandana siwezi kuisoma.

Sijui niseme nini zaidi. Nimeumia.

Mdogo wako


24 Mei

Mama mdogo,

Shikamoo. Mama hajui kwamba nakuandikia. Barua yako ya tarehe 17 nimemsomea jana nilipotoka shule. Nilipofika mwisho alishika mkasi, akauweka, akasema, "Amekasirika kwa haki." Kisha akaniambia nisikujibu chochote. Nimeshindwa kumtii.

Mama haoni. Anaona mwanga, anajua mtu amesimama mlangoni, lakini uso hauoni. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, kwa miaka mitatu sasa, na mwaka huu imezidi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini natia uzi kwenye sindano ishirini na kuzichomeka kwenye mto, nyeupe kushoto, nyeusi kulia. Cherehani natia uzi pia. Uzi ukikatika mchana, anakaa mlangoni kama anapunga upepo mpaka apite mtu anayemfahamu kwa sauti, amwambie, "Hebu nitilie uzi, mikono yangu ina mafuta." Mishono inapinda kwa sababu hauoni mstari wa chaki. Hakuna makusudi yoyote.

Alikuwa apasuliwe Aprili 11. Siku niliposoma barua yako ya Februari, pale ulipoandika usininyooshee tena mishono, aliniambia nirudie. Nikarudia. Akacheka, akapiga makofi. Kesho yake alikwenda kliniki akaomba asogezwe hadi Septemba. Nilimgombeza mpaka nikakosa adabu. Akanijibu, "Mdogo wangu alikuwa amekwama, sasa anatembea kwa macho yangu mabovu. Nikipona nitanyoosha mshono, mkono wangu haujui kupindisha. Miezi michache haitaniua."

Daktari anasema ugonjwa unatibika, lakini wa jicho la kushoto ukikomaa zaidi kazi itakuwa ngumu, na hataahidi kitu.

Ile picha aliishika mkononi siku nzima. Hakutaka kumuuliza jirani ina rangi gani, akabahatisha. Usimkasirikie. Kama kuna wa kumkasirikia ni mimi, niliyekuwa namsomea barua zako na kukuficha.

Mwanao,
Mwalimu


27 Mei

Dada,

Shikamoo. Usimgombeze Mwalimu. Amefanya ambacho wewe ungefanya.

Kwanza naungama, kisha utanichapa. Niliposoma barua yake, kitu cha kwanza nilichofikiria hakikuwa macho yako. Nilifikiria picha zangu. Nilisimama pale jikoni nikajiuliza, akipona nitachorea wapi? Sekunde tatu, nne, dada. Halafu nikajiona, nikaketi chini sakafuni nikalia kwa aibu. Nimekuambia kwa sababu umenipa macho yako bila kuniambia, mimi siwezi kukurudishia uongo tena.

Na nisamehe kwa ile barua ya Mei. Nilikulaumu kwamba hukutazama. Naisoma moyoni kila nikifumba macho.

Nenda ukatibiwe. Usiende Septemba, nenda wiki hii au ijayo. Ile kubwa nyekundu nimeiondoa kwenye ukuta wa mbele, nitaitundika pembeni. Sikuitoa kwa hasira. Siwezi kuweka pale mbele ya mlango kitu kilichoshonwa na mtu aliyekuwa anapoteza jicho kwa ajili yangu. Ukuta wa mbele utabaki mtupu mpaka nipate habari kwamba umepasuliwa. Bwana Maelezo ameshapiga simu mara mbili. Apige ya tatu. Nikishindwa kuchora maisha yangu yote yaliyobaki, nitakuja nikutilie uzi kwenye sindano. Napenda hiyo kazi kuliko kuonyesha watu picha ambazo wewe huzioni.

Unanisikia? Sauti yangu imefika mpaka huko?

Mchafuzi wako


8 Juni

Mchafuzi wangu,

Maneno ni yangu, mkono ni wa Mwalimu, na nimemkataza kurekebisha.

Kwanza, nani alikupa ruhusa ya kumtisha dada yako na ukuta mtupu? Umejifunza wapi ukatili huo? Kwangu, bila shaka.

Pili, hizo sekunde nne nimekusamehe. Mimi ningechukua kumi.

Tatu. Mwalimu, hili andika polepole. Nimeshona tangu nina miaka kumi na minne. Nguo zangu zote zimevaliwa, zimefuliwa, zimechakaa, zimekuwa matambara ya kufutia sakafu. Sisikitiki, ndiyo kazi ya nguo. Lakini hivi vitambaa vyako ndivyo vitu pekee nilivyoshona ambavyo watu watasimama wavitazame. Basi nilitaka viwe vizuri. Uliposema vilivyopinda ni vizuri kuliko vilivyonyooka, niliumia kidogo, nakuambia sasa. Miaka yote hiyo nanyoosha! Halafu nikafurahi. Nikaona hata ubovu wangu una mahali pa kukaa.

Na pia naogopa. Wewe una picha zako, mimi mikono yangu inaishi kwa macho. Mtu akija na kisu karibu na jicho nakuwa mtoto mdogo. Nilikuwa na sababu nzuri ya kukimbia, na sababu hiyo ilikuwa wewe. Kwa hiyo usijibebeshe mzigo wote peke yako, nusu ni wangu.

Nimekwenda. Watanipasua la kushoto tarehe 19, la kulia mwezi ujao. Mwalimu ameshika barua ya kliniki kwa mikono miwili utadhani nitamnyang'anya.

Wewe jaza ukuta.

Fundi


3 Julai

Mwalimu wangu,

Nimepata ujumbe wako kwamba bandeji imetoka na mama ameona maua ya pazia akasema ni mabaya. Nilipiga kelele hapa, jirani akagonga ukuta, nikamgongea na mimi. Asante, mwanangu. Msomee mama kwamba nampenda na kwamba nakula.

Kuanzia hapa usimsomee.

Nilijaribu kujishonea kitambaa mwenyewe. Mama yako alinifundisha nikiwa na miaka tisa akakata tamaa, na alikuwa sahihi. Nimeunga vipande vitatu kwa mkono, nimejichoma vidole vyote, na mshono umepinda kupita wowote wa kwake. Nikakipigilia kitambaa ukutani, nikakaa kwenye ndoo. Siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tano, hakuna kitu. Nilikuwa najua kila kona na sababu yake, hapa nilichoka, hapa nilijichoma. Hakikuwa na la kuniambia. Nikaelewa kwamba sikuwa nafuata kupinda. Nilikuwa namfuata mtu. Miaka yote tisa kabla sijagusa rangi kuna mtu alikuwa ameshapita hapo kwanza, na mimi nilikuwa natembea nyuma yake.

Siku ya sita niliketi kula. Nikainua sahani, na chini ya sahani nikaona mstari. Ule wa kwanza, wa kile kitambaa cha mezani, umenyooka kutoka ukingo hadi ukingo. Nilikuwa nimeukalia miaka tisa! Kulia na kushoto kwake kuna kila rangi niliyowahi kufuta brashi, duara za vikombe, alama ya pasi, namba ya simu ya fundi bomba. Nikaondoa vyombo. Nikakipigilia kitambaa ukutani hivyo hivyo, na mkono ukainuka.

Nimekimaliza jana. Ndicho kitakachokaa ukuta wa mbele. Pindo la chini limefumuka kwa kusuguliwa na magoti yangu, nimeliacha. Sasa nakula sakafuni na nina furaha.

Usimwambie. Nataka akiona aone kwa macho yake.

Mama mdogo


22 Agosti

Mchafuzi wangu,

Naandika mwenyewe, kwa kalamu nyembamba. Hesabu maneno kwenye mstari kisha uniombe radhi.

Tumefika salama. Siku zile nne nilizokaa kwako hukunipa nafasi ya kusema, kila nikifungua mdomo uliniletea mtu wa kunisalimu. Sasa utanisikiliza.

Siku ile ya ufunguzi nililia, kila mtu aliona, hilo tuliache. Ninalotaka kukuambia ni la Jumatatu, ulipokwenda kwenye mahojiano ya redio. Nilimwambia Mwalimu anipeleke tena ukumbini kabla ya basi, nikatazame bila watu.

Nimetazama mishono yangu yote, mmoja mmoja. Mungu wangu, aibu! Ningekuwa na mkasi ningefumua yote iliyopinda. Yule mama wa sketi alikuwa na haki, nimeshamshonea nyingine. Halafu nikakaa mbele ya ile nyekundu uliyoiweka pembeni. Nusu saa. Uliniandikia kwamba haina bluu. Iko. Sogea karibu, upande wa kushoto, pale mshono ulipojikunja, rangi nyekundu haikuingia kwenye matundu ya sindano. Kila tundu lina chembe ya bluu, mpaka chini. Hukuiona kwa sababu ulishaamini umeifunika. Kwa hiyo sikukudanganya sana. Rudi uitundike mahali pa maana.

Kisha nikaenda kwenye ukuta wa mbele. Mabwana wawili walikuwa pale, wanabishana duara ile ya kahawia ina maana gani, mmoja anasema ni jua, mwingine anasema ni mwanzo na mwisho. Nikawaambia ni kikombe cha chai. Wakanitazama kwa huruma. Sikujali, nilikuwa nautazama mshono wangu. Nilishona ule mwaka ambao macho yalikuwa mazima, sikuwa nimeuona tangu siku ile nilipofunga kifurushi. Umenyooka, mdogo wangu. Nilikuwa fundi kweli.

Pindo la chini lilikuwa limefumuka, linaning'inia. Nilijitahidi kuvumilia. Nikaenda mlangoni, nikarudi. Mwalimu akasema, "Mama, usithubutu." Nikatoa sindano kwenye mkoba nikapiga magoti. Mlinzi akaja mbio, akauliza, "Mama, unafanya nini kwenye picha ya watu?" Nikamwambia mimi ndiye fundi, namalizia kazi yangu, anipe dakika tano. Akanipa. Akanishikia hata kitambaa kisiteleze.

Kama umekasirika, fumua. Ila kwanza uniulize sindano alinitilia uzi nani, maana Mwalimu alikuwa amejificha nyuma ya nguzo kwa aibu. Nilitia mwenyewe. Niliulamba uzi, nikainua sindano kuelekea dirishani, nikaliona tundu. Uzi ukaingia mara ya kwanza.

Dada yako,
Fundi